Saa za Chai

Karatasi yasemani? Ni nane na nukta mbili,
damu imeshuka chini, haitoshi kwa wawili.
Nesi Barke wa Langoni kaniuliza maswali:
"Mwezi wa tano tumboni, na mchicha hula kweli?"

Nikamwambia nakula kama punda wa sokoni,
siku haipiti, la, la, pasi mboga sahanini.
Kunde, nikenda kulala, naziota kitandani.
Basi hizi zote hula nani mwingine mwilini?

Barke kalamu kaweka: "Na chai, wainywa lini?"
Nikacheka, nikacheka: nani asonywa nyumbani?
Mama mkwe huipika sahani bado i chini,
nyeusi, imechemka, na mdalasini ndani.

"Chai si mbaya," kanena, "kosa lake ni wakati.
Hukishika, hukibana, njia chuma hakipati;
vyatoka vimeshikana kama harusi na cheti.
Kuna kumeza, na kuna kupokea: tofauti.

Ndimu, kata nusu yake, kamulia ikipowa,
chuma kile kigeuke, tumboni kupokelewa.
Chai nayo ingojeke saa mbili za kukawa,
na kunde uziloweke, maji ya kwanza kutowa.

Boga likiungwa tui rangi yake huingia,
pakavu halitambui mlango wa kupitia.
Manjano hayajijui, pilipili manga tia.
Chakula pweke, hujui? Hubisha kikakimbia."

Nikawaza: mwili nyumba ya Amu, ina madaka,
mgeni haendi chumba pasi mtu kumshika;
dakani hukaa, kwamba mwenyeji akiitika
ndipo bawaba huimba na mlango kufunguka.

Nikarudi polepole, ndimu sita, kumi hofu,
punda kwenye njia ile na matumbawe, kwa safu.
Nitamwambiaje yule mwenye birika sharifu
kwamba wema wake ule waniacha mpungufu?

Mimba ilipoteleza, ile ya kwanza, Rajabu,
ni yeye aliyewaza chai kuwa ndiyo jibu.
Neno hakuniuliza; kikombe tu, na karibu.
Leo nije kumkwaza kwa vipimo na hesabu?

Mchana tukapakuwa kisamvu cha nazi, wali,
ndimu nikaikamuwa, tone likaruka mbali.
Birika likasikiwa likipandisha kauli,
nami ulimi kukawa, kinywani una kufuli.

"Mama, naomba tungoje chai hadi alasiri."
Akanitazama: "Nije nikusikie vizuri."
Nikamweleza ni vije mboga hutoka sufuri.
Kimya. Nikaomba kije kicheko, kisije shari.

Akainuka, kazima jiko, neno hakutaja.
Najua nilimchoma; kimyani nikamngoja.
Saa kumi ikavuma simu yake; ndipo kaja
na birika, akasema: "Saa zako zimekuja."

Nikanywa, na ladha yake ilinishuka kwa kina,
mdalasini na wake ukali nikauona.
Kumbe hata pendo lake nalimeza, sikuona!
Kaketi, kikombe chake na changu vikagusana.

Jana Barke kanipima: ni tisa na nukta sita.
Mlima bado mlima, lakini ninaufata.
Kidonge nameza, hima, na ndimu, bila kusita;
siku hizi huyu mama ndimu ndiye huzileta.

Juzi kamsuta Lali kwa ndimu zisizo maji:
"Hizi kavu, tena ghali, nasi tunaye mlaji;
akila hula wawili, wa pili hajui mji!"
Lali akampa mbili bure, japo ni mtaji.